Naomba ushauri: mjane tunayemsaidia ana watoto wenye kazi

Wapendwa, naombeni mawazo yenu. Niko kwenye kamati ya huduma kwa wahitaji kanisani. Kuna mama mjane tulimlipia kodi ya nyumba alipofiwa. Sasa kila mwisho wa mwezi, ibada ikiisha, anasimama pembeni ya mlango na karatasi ya mwenye nyumba imekunjwa mkononi. Haombi, anasubiri tu nimwone.

Watoto wake wakubwa wana kazi, ila amekataa katakata tusiwapigie.

Kamati imegawanyika. Wengine wanashika 2 Wathesalonike 3:10, asiyetaka kufanya kazi asile. Hapo siafiki kabisa, maana Paulo aliwasema watu wazima na nguvu zao waliokuwa wakizurura na kujishughulisha na mambo ya wengine. Wengine wanasema Luka 6:30, mpe kila akuombaye, basi.

Mimi nimekwama kwenye 1 Timotheo 5. Mjane wa kuandikwa kwenye orodha ya wajane wa kanisa awe ametimiza miaka 60, na wenye jamaa watunzwe na jamaa zao ili kanisa lisilemewe. Kumbe masharti yalikuwepo tangu enzi hizo! Huyu mama hajafika hata 60, na mfuko wetu una wengine wanaongoja.

Waliopitia hili, mliwafikiaje watoto bila kumdhalilisha mama? Aongee naye mchungaji, au mama mwenzake? Na kikomo cha msaada mlikiweka tangu mwanzo au katikati? Tafadhali msiniambie tuombe tu, kuomba tunaomba.