Ferrari 360 Modena iliyotumika: nikague nini kabla ya kulipa?

Mwana wa Ng'ambo:
Assalamu alaikum ndugu zangu. Ninaishi Leicester, na kwa miaka 9 nimeweka akiba kwa ajili ya gari moja tu, Ferrari 360 Modena. Sasa nimelipata la mwaka 2001, jekundu, lenye usukani wa kulia na giaboksi ya F1, ile ambayo gia hubadilishwa kwa vidole nyuma ya usukani. Limetembea maili 19,000 na muuzaji ni mtu binafsi. Rangi inang'aa na ngozi ya viti haina mkwaruzo. Magari niliyowahi kumiliki yote ni ya kawaida, nami niliyanunua kwa kuyatazama, kuyaendesha mtaani na kupatana bei. Nahofia kwamba safari hii utaratibu huo hautatosha. Nikague nini, na nimuulize nini muuzaji? Mke wangu naye anauliza kama tunaweza kurudi nalo nyumbani Unguja.

Fundi wa Coventry:
Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikitengeneza magari ya Kiitaliano, na la kwanza ninaloomba kuona kwa mwenye 360 ni risiti ya mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu na pistoni ziende sambamba. Injini hii ya V8 ya lita 3.6 hutumia mikanda, tofauti na F430 iliyofuata ambayo hutumia minyororo, na mikanda hiyo hubadilishwa takriban kila baada ya miaka 3 hata kama gari halikutembea, kwa sababu mpira huchakaa kwa umri kama unavyochakaa kwa safari. Mkanda ukikatika, valvu hugongana na pistoni, na hapo unazungumzia injini nzima. Faraja ni kwamba kwenye 360 fundi huifikia mikanda kupitia kifuniko kilicho nyuma ya viti, ilhali kwenye F355 iliyotangulia ilibidi injini ishushwe.

Jambo la pili ni klachi. Giaboksi ya F1 ni giaboksi ya kawaida ambayo klachi yake hukanyagwa na mfumo wa haidroliki badala ya mguu wako, kwa hiyo dereva mwenye tabia ya kulishikilia gari mlimani kwa mafuta, au kurudi nyuma taratibu kwa muda mrefu, huichoma bila kujua. Kompyuta ya gereji inayoyafahamu magari haya huonyesha klachi imelika kwa asilimia ngapi. Usikubali kuambiwa tu kwamba "bado ni nzuri". Vilevile, ukifungua mlango wa dereva utasikia pampu ya mfumo huo ikinguruma kidogo kisha kunyamaza. Ikiendelea muda mrefu, au ikirudia kila mara wakati gari limesimama, mfumo hautunzi presha ipasavyo.

Mwombe muuzaji asiiwashe injini kabla hujafika, kwa maana injini iliyokwisha kupata moto huficha mengi. Iwashe wewe ikiwa baridi, usikilize ekzosi kama inavuja, utazame moshi, kisha uliendeshe mpaka joto litulie na uangalie kama rejeta na feni zake zinafanya kazi.

Halafu gari lipandishwe juu na vifuniko vya chini vifunguliwe. Chesisi ya 360 ni ya aluminiamu, na aluminiamu iliyopinda hainyooshwi kienyeji kama chuma. Tazama sehemu za mbele na mahali pa kuwekea jeki. Vitufe vya ndani vinavyonata mikononi visikutishe, kwani ni ugonjwa wa magari mengi ya Ferrari ya kipindi kile.

Shangazi wa Reading:
Mwanangu, mimi nimefanya kazi ya bima, kwa hiyo nitakueleza upande wa karatasi. Kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, ukiingiza namba ya gari utaona bila malipo matokeo ya MOT, yaani ukaguzi wa usalama wa gari wa kila mwaka, pamoja na maili zilizosomwa siku hiyo na kasoro zilizoandikwa. Zilinganishe na risiti, moja baada ya moja. Maili zikipungua mwaka mmoja, au risiti zikikatika kwa miaka mitano, taka maelezo.

Kisha ulipie uchunguzi wa historia, utakaokuonyesha kama gari lina deni, kwa sababu gari lililonunuliwa kwa mkopo aghalabu hubaki mali ya mkopeshaji hadi deni liishe. Utaonyesha pia kama kampuni ya bima iliwahi kulihesabu kuwa hasara baada ya ajali: tangu Oktoba 2017 herufi zinazotumika ni S kwa madhara ya umbo la msingi na N kwa madhara mengine, na kabla ya hapo zilikuwa C na D. Hakikisha namba ya chesisi kwenye gari ni ile ile iliyo kwenye V5C, yaani hati ya usajili wa gari, na uulize bei ya bima kabla ya kupatana, ukitaka bima ya thamani iliyokubaliwa, yaani ile ambayo kiasi cha kulipwa gari likipotea mnakipanga mapema.

Mvita 78:
Kaka, hizo maili 19,000 ndizo zinazonitia wasiwasi. Mwaka 2016 nilinunua 360 iliyokuwa imetembea kidogo sana, kutoka kwa muuzaji ambaye sitamtaja, nikaamini kwamba uchache wa maili ni afya. Gari lilikuwa limelala miaka minne. Ndani ya miezi miwili sili zilianza kuvuja oili, matairi yalikuwa na nyufa, breki ziling'ang'ania, na akiba niliyokuwa nimeitenga kwa mwaka mzima ikaisha. Leo ningechagua lenye maili 40,000 na sevisi ya kila mwaka bila kusita. Lipa gereji huru isiyojuana na muuzaji ilikague, na ubakize fedha za matengenezo kando kabla hujanunua.

Kuhusu kurudi nalo: Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri unaozidi miaka 8, na Tanzania huruhusu lakini hutoza ushuru wa ziada kwa uchakavu. Fikirieni pia matuta, na umbali wa fundi mwenye kompyuta inayolisoma.

Mwana wa Ng'ambo:
Nawashukuru sana, na wewe shangazi hasa. Nimekuta kwamba kati ya MOT ya 2018 na ya 2022 gari lilitembea maili 140 tu, na risiti ya mwisho ya mikanda ni ya 2017. Muuzaji amekubali likaguliwe, na nimemwambia kwamba mikanda, matairi na sili nitavihesabu ndani ya bei. Gereji imetupangia Jumamosi saa tatu asubuhi. Muuzaji amekubali pia liletwe kwa lori la kubebea magari ili injini ifike ikiwa baridi.