Mwalimu akifariki wakati wa mlipuko wa ugonjwa, wanafunzi waambiwe au wafichwe?

Baba wa Tabata
Wadau, salaam. Februari 2021 mwanangu alikuwa la tatu, shule moja hapa Dar. Ijumaa mwalimu wao wa Kiswahili alifundisha huku akikohoa, Jumatatu hakuonekana, wiki iliyofuata mtaa mzima ukajua amefariki. Ni kipindi kile cha korona, kila msiba ulikuwa "changamoto ya upumuaji" na watu wakaishia hapo. Shuleni watoto waliambiwa mwalimu amehamishwa.

Mtoto wa miaka tisa akaanza kukojoa kitandani. Nilimgombeza, nisamehewe. Ilipita miezi miwili ndipo akasema: Ijumaa ile walipiga kelele sana, mwalimu akawaambia, "Mtaniua nyie." Basi akajua ndio wao waliomuua.

Msimamo wangu: mlipuko mwingine ukija, shule iwaambie watoto siku hiyohiyo, paredi, na iwaache walie. Rais Magufuli alipofariki 17 Machi 2021, bendera ya shule hiyohiyo ilishushwa nusu mlingoti na watoto wakaelezwa. Kumbe midomo ipo. Naomba kuwasilisha.

Chaki Nyeupe
Mimi ni mwalimu, Temeke. Pole kwa mtoto. Lakini unajua unachotuomba? Darasa langu lina watoto zaidi ya 100. Nikitamka "amefariki", swali la kwanza ni "kwa nini?" Kipindi kile takwimu za ugonjwa zilikuwa hazitangazwi tangu 2020, familia ya marehemu imenyamaza, halafu mimi mshika chaki ndiye nitangaze chanzo cha kifo?

Na marehemu tulikuwa tunakula naye mihogo saa nne, meza moja. Mimi nani ananinasihi? Mwenzetu aliyebebeshwa ushauri na unasihi ana vipindi vyake vya hisabati kama kawaida, anaongea na watoto akiwa anasahihisha.

Bibi wa Mchikichini
Wanangu, zamani msiba ukitokea watoto wanapelekwa kwa jirani, basi. Wakikua wanajua. Mnataka kuwatwisha watoto mizigo ya watu wazima.

Baba wa Tabata
Shikamoo bibi. Lakini jirani yuko hatua kumi! Mtoto anaona turubai, anasikia vilio, analetewa wali wa msiba, arobaini inasomwa naye yupo anakimbizana na wenzake. Hakuna aliyemkalisha kumweleza, ila hakufichwa kitu. Aprili na Mei 2020 watu walizikwa usiku, na ndugu wachache, bila turubai. Utampeleka mtoto kwa jirani gani, na jirani mwenyewe kafunga mlango?

Nesi wa Zamu
Niingie kidogo. Mtoto wa miaka minne anadhani aliyekufa atarudi. Wa miaka minane, tisa, anajua harudi, lakini bado anaweza kujitafutia kosa alilofanya yeye. Ndicho kilichomkuta huyu wa Tabata, na aliyekwishaacha kukojoa kitandani akianza tena, usishike fimbo, muulize kuna nini.

Ila paredi naipinga. La kwanza na la saba hawaambiwi kwa tangazo moja. Darasa kwa darasa, na mwalimu wanayemzoea. Msiseme "amelala", maana usiku mtoto ataogopa kufumba macho. Semeni amefariki, na si kosa la yeyote. Dakika tano zinatosha, mengine yatakuja yenyewe kwa maswali.

Konda Mstaafu
Mnaongea misiba, mimi nawakumbusha njaa. 2020 shule zilifungwa 17 Machi, la kwanza wakarudi 29 Juni. Daladala leveli siti, hakuna abiria kusimama, hesabu ya bosi iko palepale. Chumba kimoja, watoto wanne, na mimi nimerudi na elfu tatu. Wanangu hawakuogopa korona, waliniogopa mimi. Shule ilipofunguliwa ndipo wakacheka tena. Uganda wengine walikaa nyumbani mpaka Januari 2022, sijui mle ndani waliishije. Kwa hiyo mimi kura yangu: msizifunge, mambo ya kutangaza vifo yatajulikana mbele.

Chaki Nyeupe
Konda, huo ni mjadala mwingine, uanzishie uzi wake.

La Saba 2021
Nilikuwa mwanafunzi wakati huo, shule nyingine, la saba. Sisi pia mwalimu wetu alifariki, tukaambiwa yuko likizo. Tulijua siku hiyohiyo, mwenzetu aliishi nyumba ya pili kutoka kwake. Kilichouma ni kumwona mwalimu wa zamu anatudanganya huku machozi yanamlenga, ikabidi sisi tujifanye tumeamini ili asiaibike.

Marehemu alikuwa ameacha mfano wa hesabu za sehemu kwenye kona ya ubao, juu yake kaandika "Usifute". Hatukufuta. Kila aliyeshika dasta alizunguka pale mpaka muhula ukaisha. Walimu wengine waliingia, wakaona, wakaandika pembeni. Hakuna aliyesema neno.

Chaki Nyeupe
Dah.

Sawa. Nitasema, na nitasema darasa kwa darasa kama anavyotaka nesi. Ila nisiachwe peke yangu mbele ya watoto 100: mzazi mmoja wa kamati ya shule asimame nami, na familia ya marehemu iridhie kwanza. Chanzo sikitaji mpaka wenyewe waseme.

Baba wa Tabata
Chanzo sikukuomba, mwalimu. Mwanangu hakuuliza virusi. Aliuliza kama ni kelele.

Bibi wa Mchikichini
Ukamjibu nini?

Baba wa Tabata
Nilimwambia si kelele, bibi, ni ugonjwa. Akanyamaza, halafu akaniuliza: sasa mbona shule walisema amehama? Hapo ndipo nilipokwama.