Naomba ushauri: nimekuta mfuko wa dawa ya zamani ya wadudu stoo

Pasua Mbao: Wakuu, nikisafisha stoo ya marehemu baba nimekuta mfuko wa karatasi uliochanika, ndani yake unga mweupe ulioshikana kama chokaa. Lebo imeliwa na panya, zimebaki herufi tatu tu: DDT. Niuchome au niufukie?

Mzee wa Zamu: Usiuchome, kwa kuwa moshi wake unaweza kuzaa dioksini, yaani sumu kali, wala usiufukie, maana sumu hiyo hukaa udongoni kwa miaka mingi. Vaa glavu na barakoa, uutie mzima ndani ya chombo chenye mfuniko, kisha uwaarifu wanaosimamia viuatilifu. Wenye utaalamu huuteketeza katika tanuri za joto linalozidi nyuzi 1,100.

Sisimizi: Sisi tulipakwa kichwani kuua chawa, na bado tupo. Siku hizi mnaogopa hata vumbi.

Nesi Mstaafu: Mleta uzi, mfuko umechanwa na panya au na mtu?

Pasua Mbao: Kusema kweli, mwezi uliopita nilichanganya vikombe viwili na nafaka yetu, kwani wadudu walikuwa wakiimaliza. Hata hivyo tunaiosha vizuri kabla ya kupika na hakuna aliyeumwa. Mke wangu, ambaye ananyonyesha, anataka tuiache yote, nami naona ni hasara.

Kichwa Ngumu: Hii ni chai. Kwanza umeukuta ukisafisha, sasa umeutumia tangu mwezi uliopita?

Pasua Mbao: Stoo nilianza kuisafisha mwezi uliopita na sijaimaliza. Nitunge ili nipate nini?

Nesi Mstaafu: Iwe chai au isiwe, wengine wanasoma. DDT haiyeyuki katika maji, bali katika mafuta. Kwa hiyo kuosha hakutoshi, nayo hujilimbikiza katika mafuta ya mwili na kutoka kupitia maziwa ya mama. Asiache kunyonyesha, aache nafaka hiyo, na nyote mwone daktari mkiwa na lebo. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ule wa kimataifa kuhusu sumu zinazodumu muda mrefu, uliiruhusu DDT kwa wadudu waenezao magonjwa tu, kama mbu wa malaria. Ghala la chakula halimo.

Pasua Mbao: Nimeelewa, nafaka nimeitenga. Basi niwape kuku?

Nesi Mstaafu: Kuku wataihifadhi kwenye mafuta na mayai. Na mayai atakula nani?