Polisi wamebeba kompyuta za dukani kwa tuhuma za mdogo wangu (Tanga). Naomba ushauri

Binti Ngamiani:
Wakuu, habari za jioni. Nina kijiduka cha stationari hapa Ngamiani. Nachapa, natoa kopi, napiga paspoti saizi, nawajazia watu maombi ya vyeti vya kuzaliwa RITA. Jioni namwachia mdogo wangu.

Sasa kuna binti walikuwa wachumba, wakaachana vibaya. Amekwenda kituoni kusema dogo anamtumia vitisho na matusi kwa akaunti isiyo na jina, tena kwa kompyuta ya dukani. Juzi wamekuja askari na karatasi yenye mhuri wa kituo, si wa mahakama. Wamebeba CPU, laptop yangu binafsi na flashi zote zilizokuwa kwenye kopo la kalamu, hata za wateja waliosahau. Skrini na printa wameniachia, sijui nizifanyie nini. Sikupewa hata kikaratasi.

Humo kuna ripoti za fildi za wanachuo na makaratasi ya mirathi ya mzee mmoja wa Duga ambaye kesi yake iko mbioni. Wateja wananijia juu. Naomba kujua: wanaruhusiwa bila hati ya hakimu? Kazi za watu nitazipataje? Na mpelelezi amepiga simu anataka nywila. Dogo anakana kila kitu.

Mzee wa Mkonge:
Pole bibie. Kwanza mkalishe dogo na mjomba wake, aseme ukweli kabla hajausema mbele ya askari. Hayo ya sheria waje wenyewe.

Kalamu ya Pangani:
Nimekuja. Dada, jibu la swali la kwanza halitakufurahisha: ndiyo, wanaruhusiwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 31, inampa mkuu wa kituo mwenyewe mamlaka ya kutoa amri ya kupekua na kuchukua kifaa, akiwa na sababu za msingi za kuamini kinaweza kuwa ushahidi. Hakimu hayumo. Mimi binafsi naona ni vibaya, maana anayepeleleza na anayeruhusu wanakaa jengo moja, wanakunywa chai meza moja. Wakili Jebra Kambole alikipeleka kifungu hicho na vingine vingi Mahakama Kuu, na hukumu ya 2016 ikakiacha kilivyo. Kwa hiyo usipoteze nguvu kugombania mhuri.

Gombania karatasi. Kifungu hichohicho kinamtaka askari aandike orodha ya alivyochukua, pamoja na tarehe na saa, na nakala akupe wewe mwenye mali, papo hapo au mapema iwezekanavyo. Pia kinakuruhusu kuomba kunakili data zako. Wanaweza kukataa wakiona itaharibu upelelezi, lakini wakatae kwa sababu, si kwa "njoo kesho". Kama maombi hayako kwenye maandishi, hesabu kwamba hukuomba.

Chui wa Mabawa:
Njoo kesho ndiyo wimbo wa taifa pale kaunta 😂

Fundi Makorora:
Naongeza ya ufundi. Kwenye orodha usikubali waandike "laptop moja nyeusi". Iandikwe serial namba iliyo chini ya mashine, ukubwa wa diski, na kila flashi kivyake. Omba vifungwe kwenye bahasha yenye lakiri na sahihi yako. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inaitaka mahakama iangalie jinsi data ilivyotunzwa kabla ya kuipa uzito. Mashine iliyozunguka mezani bila lakiri ni hoja ya wakili wenu baadaye.

Kingine, tafadhali sana: msiingie kwa simu kufuta chochote. Kama akaunti zenu bado zimefunguka kwenye ile laptop, ziacheni. Kufuta au kuficha data ili kukwamisha upelelezi ni kosa peke yake, na dogo atakuwa amejifungia mlango mwenyewe hata kama hakutuma kitu.

Mama Zaria:
Nyote mnazungumzia mashine. Huyo binti je? Mimi nimewahi kutumiwa meseji za usiku wa manane na mtu asiyejitaja, unaogopa hata kwenda dukani kununua mkate. Kifungu cha 23 cha hiyo Sheria ya Makosa ya Mtandao, kuhusu kumnyanyasa mtu mtandaoni, si mchezo: faini haipungui milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote. Na msimfuate binti kumbembeleza afute kesi, mtayakoroga zaidi.

Binti Ngamiani:
Dada Zaria nimekusikia, na mama kashamkataza dogo asikanyage mtaa wa kwao. Nywila je?

Kalamu ya Pangani:
Usiitaje kwenye simu. Mwambie utafika kituoni ukiwa na wakili au msaidizi wa kisheria, na ombi lao liandikwe. Huna hela ya wakili? TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, wana ofisi hapo Tanga, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Tena ueleze wazi kwamba laptop ni yako na si ya mtuhumiwa. Na daftari la zamu za dukani, kama lipo, litoe nakala. Saa za meseji zikiangukia muda ambao yupo mtu mwingine mezani, hilo lina uzito kuliko kilio.

Binti Ngamiani:
Mrejesho. Nimekwenda na msaidizi wa kisheria, mama mmoja mpole lakini hasogezeki. Orodha imeandikwa, nakala ninayo, ila flashi mbili "hazikumbukwi", nazo tumezitaja kwa maandishi. Kunakili data wamesema tusubiri uchunguzi.

Fundi Makorora:
Usiombe kompyuta nzima, hapo ndipo wanapogoma. Andika barua ya pili, taja faili la yule mzee wa mirathi na zile ripoti kwa majina, wanakili wao wenyewe ukiwa umesimama pembeni bila kugusa kitu. Peleka nakala mbili, yako igongwe mhuri wa kupokelewa.

Binti Ngamiani:
Naichapa kwa jirani sasa hivi. Kanitoza mia tano kwa ukurasa, mwizi huyu.