Tupeane uzoefu: mfumo mpya umeingia ofisini, mliwafanya vipi wafanyakazi waukubali?

Mtoa mada: Hamjambo wote. Kampuni yetu iko Industrial Area, Nairobi, tunauza vifaa vya usafi kwa jumla. Wakubwa wameamua hesabu, stoo, ununuzi na mishahara viingie kwenye mfumo mmoja. Hadi leo stoo ina daftari lake, watu wa mauzo wana Excel yao, na mishahara anaijua mama mmoja tu. Mimi ndiye niliyetupiwa kazi ya kuhakikisha watu wanauzoea. Nadharia za semina za hotelini nimeshiba. Nataka mliyoyaona: nani aligoma, kwa nini, na nini kilimgeuza.

Mhasibu wa Westlands: Kabla ya watu, tazama kalenda. Kwetu mfumo uliwashwa tarehe 1 kwa sababu meneja aliona mwezi mpya ndio mwanzo mzuri. Kumbe tarehe 9 PAYE (kodi ya mishahara), NSSF (akiba ya uzeeni) na SHIF (bima ya afya) ziwe zimelipwa, na tarehe 20 VAT, kodi ya ongezeko la thamani, inangoja. Siku hizo mhasibu hana kichwa cha kujifunza kitu. Watu wakarudi Excel kimyakimya. Idara iliyofuata tuliianzisha baada ya tarehe 20, na kelele zikapungua sana.

Kaunta Buku: Sisi tuko upande wa Kirinyaga Road, vipuri vya magari. Mzee wa stoo alikataa kabisa, na kila mtu akasema ni umri. Siku moja nilikaa naye kaunta tangu asubuhi. Mteja anaingia, anataka "bushi ya mkono wa chini ya Probox". Mzee anajua rafu hata akifumba macho. Sasa kwenye mfumo, bushi hiyo imeandikwa kwa namba ya kiwanda pekee, tarakimu na herufi tupu. Ukitafuta "bushi" hupati kitu. Hapo mzee ana kosa gani?

Tulimwomba atutajie jina la kila kipuri kama wateja wanavyolitaja, kijana mmoja akawa anaandika kwenye sehemu ya maelezo. Kazi hiyo ilichosha, sidanganyi, maana kuna vipuri vyenye majina matatu. Lakini ilipoisha, mzee ndiye aliyekuwa akiwakemea vijana: "Hilo jina mbona hujaliingiza?" Kaunta buku, lile daftari lake kubwa, bado analo chini ya meza. Hatujamnyang'anya.

Mauzo Tu: Mnabembeleza sana. eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, ilitufundisha bila semina. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi kwenye hesabu ya kodi ya mapato, kwa hiyo wateja wenyewe ndio walikuwa wakituuliza ankara iko wapi. Mtu wa mauzo akiona oda inaenda kwa jirani, atajifunza usiku huohuo.

Karani wa Sheria: @Mauzo Tu, kubonyeza na kukubali ni vitu viwili. Ardhisasa, mfumo wa serikali wa huduma za ardhi mtandaoni, ilipozinduliwa Aprili 2021, aliyenuna katika ofisi yetu ya mawakili alikuwa karani hodari kuliko wote. Kompyuta haikumtisha. Thamani yake ilikuwa kujua Ardhi House, makao ya Wizara ya Ardhi: faili inalala meza gani, nani amehamishwa, saa ngapi foleni inapungua. Leo upekuzi wa hati unaombwa kwenye simu, yeye abaki nani? Hakuna aliyemwambia. Wakili mkuu alipompa jukumu la kufuatilia maombi yote ya ofisi kwenye mfumo, na kila ombi lililokwama likawa linapelekwa kwake kwanza, alichangamka. Mpeni mtu cheo kipya kabla hajaona kile cha zamani kimeyeyuka.

Ghorofa ya Tatu: Hesabuni laiseni za watumiaji wa mfumo pia. Watu sita paswadi moja, halafu mnashangaa hakuna anayejua nani alifuta oda.

Mtoa mada: Asanteni. Na mama wa mishahara je? Huyo ndiye ananinyima usingizi.

Dada wa Malipo: Usimweke darasani, mfanye mkaguzi. Kwetu tuliendesha mfumo na hesabu yake sambamba kwa miezi miwili, yeye ndiye akilinganisha. Mwezi wa kwanza tu akagundua mfumo bado unakata NHIF, bima ya afya ya zamani, kwa viwango vyake, ilhali SHIF iliyochukua nafasi yake ni asilimia 2.75 ya mshahara ghafi. Alilikamata hilo kabla hati za malipo hazijatoka, na jina lake likavuma hadi kwa mkurugenzi. Ila weka tarehe ya kuacha njia ya zamani, naye aijue mapema.

Kaunta Buku: Dada amesema.

Mhasibu wa Westlands: Na bosi mwenyewe asipoingia kwenye mfumo? Wetu anataka ripoti ichapishwe, iwekwe mezani na chai.

Dada wa Malipo: Mkutano wa Jumatatu ufanyeni mfumo ukiwa umemulikwa ukutani. Namba isiyo ndani haijadiliwi. Na hiyo printa, mwambieni wino umeisha.