Mifupa yamuuma siku ya pili baada ya kemo, na eksirei haina kitu

Binti wa Likoni
Assalaam aleykum. Mama yuko kwenye paklitaxeli, dawa ya kemo ya saratani, kila wiki tatu, na kesho yake hudungwa sindano ya kupandisha chembe nyeupe za damu. Ikifika siku ya pili, mapaja, kiuno na kidari vyamuuma hata kugeuka kitandani ni kazi. Eksirei haikuonyesha kitu. Maumivu haya yatoka wapi? Jirani asema tumpe diklofenaki na tumchue kwa mafuta ya karafuu.

Muuguzi, Tudor
Waaleykum salaam dadangu, pole sana. Eksirei haionyeshi maumivu ya aina hii, kwa hivyo asiambiwe kwamba ajidekeza. Hapo mambo mawili yamepandana. Paklitaxeli huumiza misuli na viungo, kwa kawaida kuanzia siku ya 1 hadi ya 3 baada ya dripu, kisha hupungua ndani ya wiki. Sindano nayo husukuma uboho utengeneze chembe kwa kasi, ndiyo maana pauma penye mifupa mikubwa.

Wekeni daftari. Siku ya dripu iwe 0, halafu kila siku andikeni pauma wapi, joto la mwili, na dawa imemezwa saa ngapi. Mizunguko miwili ya kemo ikifanana, daktari atajua chanzo kwa kutazama tarehe.

Parasetamoli ya mg 500: vidonge 2 kila saa 6, visizidi 8 kwa saa 24, apunguziwe kama ini lina shida au ana uzito mdogo. Lakini pimeni joto KABLA hajameza, kila mara. Dawa hiyo huificha homa, na chembe nyeupe zikiwa chini, homa yaweza kuwa dalili pekee ya maambukizi. Ikifika 38 mpelekeni hospitali, hata kama ni kuvuka feri saa nane za usiku.

Mfamasia, Majengo
Diklofenaki na ibuprofeni msimpe bila ruhusa ya daktari wake. Huzuia chembe sahani kugandisha damu, na kemo tayari imezipunguza. Tumbo laweza kuvuja damu, na figo huelemewa. Muulizeni daktari kuhusu loratadini mg 10 mara moja kwa siku. Ni dawa ya mzio, ila hutumika kwa maumivu ya sindano hii, kwani uboho unapochapuka hutoka histamini. Huanzwa siku ya sindano yenyewe, kabla mifupa haijaanza kuuma.

Binti wa Likoni
Shukran sana. Vidole vya miguu pia vimekufa ganzi, twamwekea chupa ya maji moto.

Muuguzi, Tudor
Iondoeni miguuni leo! Ganzi hiyo ni neva, chupa itamchoma asisikie. Maji ya kuoga yajaribiwe kwa kiwiko cha mtu mwingine, na asitembee pekupeku kwenye mchanga wa adhuhuri. Akishindwa kufunga vifungo au akijikwaa, daktari ajue kabla ya dripu ijayo, maana huenda akapunguza kipimo; neva zikiharibika sana zaweza zisirudi.

Chupa yafaa kiunoni, ndani ya taulo, dakika 15. Mchueni kwa mafuta ya nazi, polepole bila kukandamiza. Ya karafuu huwasha ngozi. Shavu la mguu mmoja likivimba msilichue kabisa, huenda damu imeganda: hospitali siku hiyo hiyo. Na mgongo ukiuma huku miguu yalegea au mkojo wakataa, msingoje kliniki.