Magurudumu ya T-34 yanakatika baada ya kupaka rangi ya uchafu, naombeni ushauri wa haraka

Mnyororo35:
Wakuu, habari za usiku. Nimekwama na muda umeniishia. Ninajenga kifaru cha mfano cha plastiki, T-34 ya Kisovieti ya skeli 1/35, ile iliyotekwa na Wajerumani: njano juu ya kijani, misalaba mikubwa ubavuni. Mpaka juzi mambo yalikwenda vizuri. Jana usiku nikapaka bodi rangi ya mafuta ya kahawia iliyozimuliwa sana, iingie kwenye mifereji na kuzunguka vichwa vya boliti. Asubuhi nimekinyanyua, gurudumu la pili la kushoto likabaki mezani. Mkono wake, ule unaolishikilia kwenye bodi, umekatika kama kijiti kikavu, sikuugusa. Mchana la nne nalo likafuata. Nikitazama kwa lenzi naona nyufa nyembamba kama nywele kwenye mikono mingine mitatu. Nifanyeje isiendelee? Lazima kiishe kabla ya Jumamosi.

Bi_Vanishi:
Pole sana kaka. Maswali mawili tu. Rangi ya mafuta umeizimua kwa nini? Na kabla ya kuipaka, ulipitisha vanishi?

MzeeWaGundi:
Vijana mnapenda sana T-34. Kama unataka kifaru kilichotekwa chenye historia ya kueleweka, jenga Tiger 131 ya Wajerumani. Waingereza walikiteka Tunisia Aprili 1943. Risasi ya kifaru cha Kiingereza aina ya Churchill ilinasa pale shingoni, mnara wa mzinga ukagoma kuzunguka, askari wakakikimbia kikiwa karibu kizima. Mpaka leo kipo kwenye makumbusho ya vifaru ya Bovington, Uingereza, na injini inawaka. Mimi changu nilikijenga kwa miezi saba. Lile kovu la risasi peke yake nililichonga jioni tatu, kwa ncha ya sindano iliyopashwa moto, halafu nikagusa ndani yake kwa penseli ili ing'ae kama chuma kilichokwanguliwa. Mke wangu aliniuliza kama hicho kidoti ndicho kilichoninyima usingizi. Nikamwambia ndicho.

Mnyororo35:
Dada Bi_Vanishi, nilitumia tapentaini ya kawaida, ya kusafishia brashi za rangi ya ukuta. Vanishi sikupaka. Njano ilikuwa imekauka vizuri, nikaona inatosha.

Bi_Vanishi:
Basi jibu lipo hapo. Plastiki hii haipendani na tapentaini kali, hasa sehemu iliyobanwa. Ile mikono uliibandika kwa gundi, ukaikaza magurudumu yakae mstari mmoja, kisha ukafunga minyororo juu yake. Tayari inavutwa. Tapentaini ikituama kwenye kona zile hupenya na kupasua pale pale penye mvutano. Vanishi ingekuwa ukuta katikati. Na ulipaka nyingi, sivyo? Ikatiririka mpaka chini?

Mnyororo35:
Ilitiririka. Nilikilaza usiku kucha.

Msasa_Laini:
Tuache magurudumu kidogo, tuzungumzie njano. Wajerumani waliingia kwenye njano ile ya msingi Februari 1943. Ukiweka njano kwenye kifaru unachosema kimetekwa 1941, umekosea kabla hujafungua kopo. Wao T-34 waliiita 747(r), hiyo r ni ya Urusi. Misalaba waliichora mikubwa kupita kiasi, na mingine juu ya mnara, kwa sababu mizinga yao wenyewe ilikuwa ikiwapiga wakiona umbo lile. Umeweka kibanda cha kamanda cha Kijerumani, kile cha kutazamia nje juu ya mnara?

Mnyororo35:
Mkuu, changu ni cha Julai 1943, vita vya Kursk kule Urusi, divisheni ya Kijerumani ya Das Reich ilikuwa nazo. Kibanda nimeweka, nilikitoa kwenye masalia ya boksi la Panzer III, kifaru cha Kijerumani. Nilisoma kwamba mnara wa T-34 ile ulikuwa wa watu wawili, kamanda ndiye huyo huyo anayelenga na kupiga, na akitaka kutazama nje anahangaika. Wajerumani hawakuvumilia hilo, baadhi wakatoboa na kubandika kibanda chao. Nilipolijua hilo sikuweza tena kukijenga cha kawaida.

Sponji_Kavu:
Kifaru kimegundua kimehamishwa jeshi, kikavua viatu 😂

Bi_Vanishi:
Sponji, mwenzako ana shida. Mnyororo, Jumamosi kuna nini? Mikono yenye nyufa inahitaji siku mbili tatu ikauke kabisa kabla hujaigusa. Kama ni mashindano, yaahirishe.

Mnyororo35:
Si mashindano. Ni miadi tu.

MzeeWaGundi:
Miadi na kifaru?

Bi_Vanishi:
Kaka, tukijua ni cha nani na kinakwenda wapi, tutajua kama tunakitengeneza kisimame kwenye kabati au kishikwe na watu. Mshiko ndio utakaoamua.

Mnyororo35:
Sawa. Kifaru si changu, ni cha mjomba wangu. Ndiye aliyenifundisha kazi hii, kuanzia kushika kibanio. Siku hizi mikono inamtetemeka, hawezi tena kubandika kitu kidogo kuliko gurudumu. Alinipa boksi, bodi na mnara vikiwa vimeshabandikwa na kupakwa kijani, akasema nimalizie. Jumamosi nampelekea.

Msasa_Laini:
Subiri. Mjomba alikupa cha kijani? Cha Warusi?

Mnyororo35:
Ndiyo.

Msasa_Laini:
Na kukiweka misalaba ni wazo lake au lako?

Mnyororo35:
Langu. Lakini nieleweni. Hakuniambia nikimalizie kwa jeshi gani, alisema malizia. Kijani kitupu kila mtu anacho. Hiki kina maisha mawili: kijani cha kiwandani chini, njano ya waliokiteka juu, na penye mchubuko unaviona vyote. Nilipulizia spreyi ya nywele juu ya kijani chake, nikapaka njano ya akriliki, nikachubua kwa brashi ya maji kwenye kingo na vifuniko. Kijani kinachochungulia pale ni chake yeye. Sikukifuta, nimekitumia.

Baba_Faraja:
Mdogo wangu, kazi ya mkubwa huombewa ruhusa. Halafu fikiria alama zenyewe. Mtu kapaka kifaru cha waliovamiwa, wewe unamrudishia chenye misalaba ya wavamizi. Huenda kwako ni historia tu. Hujui kwake ni nini.

MzeeWaGundi:
Nakubaliana na Baba Faraja, ingawa historia nayo haifichwi. Septemba 2000 kule Estonia walivuta T-34 kutoka ziwani kwa buldoza, ilikuwa imezama tangu 1944, nayo ilikuwa na alama za Kijerumani. Yale matope mazito ya chini yalikuwa yameitunza. Nilizitazama picha zile mpaka usiku wa manane nikisoma rangi ya matope, maana matope ya ziwa si ya barabarani. Ni meusi yenye ukijani, na yakikauka hayapauki haraka.

Mnyororo35:
Najua alama ni nzito, Baba Faraja. Ndiyo maana nimeziacha zimefifia. Lakini kazi imeshafika mbali, siwezi kurudi nyuma sasa.

Mashaka_Mengi:
Wakuu, samahani, mimi uzi huu siuamini. Mtu anajua Das Reich, anajua mnara wa watu wawili, anachubua kwa spreyi ya nywele, halafu hajui tapentaini na plastiki? Kwanza ilikuwa magurudumu, ikawa miadi, sasa ni mjomba anayetetemeka. Kila mkiuliza hadithi inaongezeka mguu. Na picha hajaweka hata moja. Mnatungiwa.

Sponji_Kavu:
Sasa hapo kweli. Picha iko wapi?

Mnyororo35:
Mashaka, kusoma nimesoma sana, kupaka nimepaka kidogo. Hiki ni kifaru changu cha tatu, na viwili vya kwanza havikufika kwenye rangi ya mafuta. Simu yangu kamera imekufa, ila naweza kueleza kilicho mbele yangu. Nyuma ya mnara, chini ya kifuniko, kuna unywele wa brashi ya mjomba umenasa ndani ya kijani, umejikunja kama mkia wa koma. Niliupaka njano juu lakini unaonekana bado. Ndani ya mnara plastiki haina rangi, na ameandika kwa penseli, herufi zinayumba: "Kijani. Ametoka kiwandani leo. Usimchubue." Hayo siwezi kuyatunga.

Bi_Vanishi:
Kumbe alikuandikia.

Mnyororo35:
Hakuniambia kwa mdomo.

Bi_Vanishi:
Uliyaona lini hayo maandishi?

Mnyororo35:
Siku ya kwanza.

Baba_Faraja:
Mpigie simu mdogo wangu. Usiku huu.

Mashaka_Mengi:
Nafuta nililosema. Samahani mkuu. Na mimi nakuomba umpigie.

Msasa_Laini:
Kabla hujagusa kitu: mnara umepata rangi ya mafuta au bado?

Mnyororo35:
Mnara bado. Ni bodi tu.

Msasa_Laini:
Basi mnara unarudi. Njano iko juu ya spreyi ya nywele, na spreyi ile huyeyuka kwa maji. Maji ya uvuguvugu, brashi ngumu iliyokatwa fupi, sehemu ndogo ndogo. Subiri dakika moja maji yapenye kwanza. Stika za misalaba zilowanishe, uziinue kwa kijiti cha pamba. Bodi ndiyo shida. Mafuta yameziba njano, maji hayapiti, na kitakachoyatoa ni ile ile tapentaini iliyokukata magurudumu. Bodi usiiguse.

Mnyororo35:
Nimempigia. Nimemweleza yote, hata ya penseli. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza nimezimua kwa nini. Nikamwambia. Akasema, "Bodi niachie, macho bado ninayo, tutaitazama wote. Mnara nisafishie." Kibanda cha Kijerumani hakukitaja, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Bi_Vanishi:
Afadhali. Sasa magurudumu. Fungua minyororo leo hii, mvutano uishe. Acha kikae wazi siku mbili, pasipo jua wala feni ya moto. Kisha kila mkono uliokatika utoboe pande zote mbili kwa drili ya mkono ya milimita 0.5. Usisukume, izungushe tu kwa vidole. Kata waya wa shaba milimita sita, robo tatu iingie upande wa bodi. Funga kwa tone la supaglu lililochukuliwa kwa ncha ya sindano, wala si la kumimina kutoka kwenye chupa. Ile mitatu yenye nyufa itoboe hivyo hivyo kabla haijakatika. Gundi ya kuyeyusha plastiki usiipeleke karibu kabisa, itamalizia kazi ya tapentaini.

MzeeWaGundi:
Na uweke kipande cha mbao chini ya bodi wakati supaglu inakauka, magurudumu yasibebe uzito.

Mnyororo35:
Asanteni sana. Nimetoa minyororo. Nimeanza na mnara, upande wa nyuma. Njano inatoka kama ngozi ya maziwa, na unywele ule bado uko pale pale. Kuna sehemu moja kwenye ukingo wa kifuniko nilichubua sana, nikafika kwenye plastiki. Kijani chake cha aina ile sina. Kuna mwenye 4BO, kile kijani cha vifaru vya Kisovieti, ya zamani, ya mafuta, anayejua inachanganywaje?

Msasa_Laini:
Usichanganye. Hapo mwachie mjomba apake mwenyewe. Ukingo wa kifuniko ni mpana kuliko gurudumu, brashi nene atamudu.